Kuketi Mbele ya Ukungu



Kila mwaka majira ya kiangazi yanapofika, vikundi vya vijana wa parokia zetu hufunga safari. Wengine huenda kwa miguu mahali pa hija, wengine hupanda mashua kutoka Goma hadi Bukavu, wengine hupiga kambi ya siku chache kando ya ziwa. Mpango wa safari hizo huwa umejaa tangu alfajiri hadi usiku: Misa, mafundisho, mashindano ya kwaya, mpira, kupika, michezo ya kuigiza. Mwaka huu limetolewa pendekezo lililozusha ubishi: kwamba kila asubuhi, kabla ya mafundisho, vijana waketi ufuoni kwa muda wa saa moja na nusu, kila mmoja akiwa na karatasi na kipande cha makaa au rangi, wachore kile wanachokiona.

Wanaolipinga ni watu wema, na hoja zao si za mzaha. Wanasema kwamba kuchora mandhari ni starehe ya Wazungu walioshiba. Wanasema asubuhi ziwani huwa na ukungu, hata kisiwa cha Idjwi hakionekani, basi kuna nini cha kuchora? Wanasema simu hupiga picha bora kwa dakika isiyofika. Na wale walio makini zaidi wanauliza iwapo ni halali kijana Mkristo kukaa akipaka rangi katika nchi ambamo jirani zake wanalala chini ya maturubai.

Mimi naliunga mkono pendekezo hilo. Ili kulitetea nitapita njia ndefu kidogo, njia inayopitia pwani ya mbali, yenye baridi na mvua, kaskazini na magharibi mwa Ufaransa, ambako mchoraji mmoja alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akisafiri na kufanya jambo hilohilo.

Claude Monet alizaliwa Paris mwaka 1840, akakulia Le Havre, mji wa bandari penye mdomo wa mto Seine. Akiwa kijana alijulikana kwa kuchora vikatuni vya watu wa mji na kuviuza. Aliyemtoa humo ni Eugène Boudin, mtoto wa baharia, mzaliwa wa Honfleur ng'ambo ya mto, ambaye mnamo mwaka 1858 alimshawishi atoke nje, aketi mbele ya mbingu na maji, achore pale pale. Boudin alikuwa na desturi ninayotamani sana tuichukue: kando ya michoro yake aliandika siku, saa na upepo uliokuwa ukivuma. Hakuandika tu jina la mahali, kwa kuwa alijua kwamba mahali pamoja saa mbili asubuhi upepo wa mashariki ukivuma, na mahali hapohapo saa nane mchana, ni kana kwamba ni pahali pawili.

Kuchora nje kwa rangi za mafuta kulikuwa kumerahisishwa na kitu kidogo sana. Hapo awali wachoraji walihifadhi rangi katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka na rangi kukauka. Mwaka 1841 Mmarekani aitwaye John Goffe Rand alibuni kijichupa laini cha madini chenye kifuniko, mfano wa hiki cha dawa ya meno tunachokijua sisi sote. Ghafla mchoraji aliweza kutia sanduku zima la rangi begani na kusafiri nalo. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapenda kudhani kwamba sanaa hushuka kutoka mawinguni, kumbe mara nyingi huanzia kwa fundi wa vyombo.

Kuhusu ukungu, wengi wenu mmeona katika vitabu au katika simu ile picha ya bandari ya Le Havre ambayo Monet aliichora mwaka 1872 na kuiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mguso wa kwanza wa jicho: Impression, soleil levant. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, mwandishi mmoja wa gazeti aliikejeli, na kutokana na kejeli hiyo kundi zima la wachoraji likapata jina lake. Katika picha hiyo kuna milingoti, mashua mbili au tatu nyeusi, moshi wa meli, na jua dogo la rangi ya chungwa. Vyote vingine ni ukungu wa buluu na kijivu. Nawaomba mfanye jaribio: itafuteni picha hiyo katika simu, kisha mwondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Jua litakaribia kutoweka! Monet alilipa mng'ao uleule wa ukungu unaolizunguka. Linawaka kwa rangi yake peke yake, wala si kwa mwanga kuzidi. Mtu hawezi kubuni jambo kama hilo akiwa chumbani. Ni lazima awe ameutazama ukungu kwa saa nyingi, akagundua kwamba haufichi tu: unapanga upya. Unafuta kingo za vitu, unapunguza weusi wa vilivyo mbali, na unamlazimisha mtazamaji kutofautisha kijivu na kijivu. Mchoraji mvivu humaliza kazi kwa rangi moja akasema amechora ukungu. Mwenye bidii hugundua kwamba kijivu cha upande wa nchi kavu kina ujoto ndani yake, na kile cha upande wa maji kina ubichi kidogo.

Basi wanaosema kwamba ukungu ukiwapo hakuna cha kuchora wamesema kinyume cha mambo. Siku ya jua kali kila kitu kiko wazi, nasi tunapita bila kutazama, kwa sababu tunadhani tumekwisha kuona.

Tena ukungu hauna asili moja. Katika bahari ya La Manche, kati ya Ufaransa na Uingereza, mara nyingi hutokea hewa yenye unyevu na joto kiasi inapopita juu ya maji yaliyo baridi kuliko yenyewe. Kwetu asubuhi huwa kinyume: hewa baridi huteremka usiku kutoka milimani, ikakuta maji ya ziwa yenye joto zaidi, na mvuke ukapanda. Na wakati wa kiangazi kile kinachotuficha Idjwi na volkano kwa majuma mazima si mvuke peke yake. Ni vumbi, na ni moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa. Nitarudi kwenye moshi.

Msidhani kazi ile ilikuwa starehe. Jumba la makumbusho la National Gallery mjini London lina picha ndogo ya ufuo wa Trouville ambayo Monet aliichora kiangazi cha mwaka 1870, na ndani ya rangi yake zimekutwa chembe za mchanga zilizopeperushwa na upepo na kunasa humo. Miaka kumi na mitano baadaye, mwezi Novemba 1885, alikuwa Étretat, mahali penye majabali meupe ya chokaa ambayo bahari imeyatoboa yakawa kama malango. Bahari, tofauti na ziwa letu, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Monet alikosea kuisoma saa ya maji. Akiwa amezama katika kazi chini ya jabali, wimbi kubwa lilimpiga ukutani, likamvuta majini. Alitoka salama, lakini kitambaa alichokuwa akichorea, kiunzi chake na vifaa vyake vilikwenda na maji, na kibao cha rangi alichokishika kilimpaka ndevu zote rangi. Mwandishi Guy de Maupassant, aliyemwona kazini huko Étretat, aliandika kwamba hakuwa tena mchoraji bali mwindaji: watoto walimfuata nyuma wakibeba vitambaa vitano au sita vya mandhari ileile kwa saa mbalimbali, naye akabadilisha kitambaa kila mwanga ulipobadilika.

Mwaka uliofuata, Septemba 1886, alisafiri hadi Belle-Île, kisiwa kilicho kusini mwa Bretagne. Alikusudia kukaa siku chache. Alikaa zaidi ya miezi miwili, akapanga chumba katika kijiji kidogo, akamwajiri mvuvi mmoja kumbebea mizigo hadi kwenye miamba, na dhoruba zilipokuja alifunga kiunzi kwa kamba na mawe kisipeperuke. Alirudi na picha karibu 40. Katika barua alizomwandikia Alice Hoschedé, ambaye baadaye alikuwa mke wake, alieleza kwamba anayetaka kuichora bahari kwa kweli yampasa kuitazama kila siku, kila saa, tena akiwa mahali palepale. Alimchora pia yule mvuvi. Naipenda picha hiyo kuliko mawimbi yote ya Belle-Île: uso mwekundu wa mtu wa upepo, anayetazama bila haya. Aliyekuja kutafuta bahari aliona pia mtu aliyembebea mzigo. Ni wangapi kati yetu, tukirudi kutoka safari ya parokia, tunaweza kueleza uso wa yule aliyetuvusha kwa mtumbwi?

Sitambatiza Monet kwa nguvu. Hakuwa mtu wa kanisani. Alipochora kanisa kuu la Rouen, katika miaka ya 1892 na 1893, akilirudia mara kama 30, kilichomshughulisha ni mwanga juu ya mawe, wala si altare iliyo ndani. Lakini Mwenyezi Mungu hakutuzuia kujifunza uvumilivu kwa yeyote aliye nao. Na jambo hili la kuketi mbele ya kisichoonekana vizuri si geni kwetu. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba wingu liliufunika mlima Sinai siku sita, na Musa alingoja hadi siku ya saba ndipo akaitwa. Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, wavuvi waliokesha bila kupata kitu wanamwona mtu ufuoni kulipopambazuka, kama hatua mia moja tu kutoka kwao, wala hawamtambui. Mwinjili hasemi kama kulikuwa na ukungu. Ila yeyote aliyewahi kuwaona wavuvi wetu wa sambaza wakirudi alfajiri, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti, taa zikififia, hahitaji kuelezwa jinsi mtu aliye ufuoni anavyoonekana saa ile: umbo lisilo na uso. Aliyemtambua Bwana kwanza ni yule mwanafunzi aliyekuwa amezoea kuwa karibu naye.

Vijana wengi hunijia na swali la wito, ndoa, masomo, au kuondoka nchini, na karibu wote wanataka ishara iliyo wazi, na waipate upesi. Wanasali novena ya siku tisa, na siku ya kumi wanalalamika kwamba bado ni ukungu. Siwacheki, maana shaka inaumiza. Lakini nadhani hatujawafundisha kukaa ndani yake na kuyatazama kwa makini yale machache yanayoonekana: mlingoti huu, mashua ile, mstari wa ufuo. Mafundisho yetu mengi juu ya kutambua mapenzi ya Mungu yanatolewa kwa maneno matupu, ukumbini, mgongo ukiwa kwa ziwa.

Sasa simu. Sina ugomvi nayo, nami ninayo. Lakini picha ya simu humalizika kabla mtu hajatazama, na kwa sababu imekwisha hifadhiwa, jicho hujiona limeruhusiwa kuondoka. Anayechora huketi mpaka kitu kimjibu. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba mtu asiyejifunza kusimama na kustaajabia uzuri huishia kukiona kila kitu kuwa ni cha kutumia na kutupa. Nami naongeza kwamba hufanya hivyo hata kwa watu. Niliwahi kuhudhuria ziara ya kutoa msaada katika kambi ya waliohama makwao, ambapo mifuko ya unga ilipigwa picha nyingi kuliko idadi ya maneno yaliyosemwa na wenyeji wa kambi. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kutaja majina matatu ya watu tuliowatembelea.

Hiyo ndiyo sehemu ya jibu langu kwa hoja iliyo nzito kuliko zote, ile ya vita na njaa. Sitasema kwamba mchoro wa makaa unamlisha mtu. Saa ya kuchora haichukui nafasi ya kubeba unga, na kikundi kitakachochora bila kubeba unga kitastahili lawama. Lakini wanaodhani uzuri ni wa walioshiba tu hawajawasikiliza waliopoteza mashamba yao. Wamwulize mama aliyekimbia kutoka kijijini awaeleze kilima kilichokuwa mbele ya mlango wake: atawaambia ukungu ulianzia bonde lipi, saa ngapi uliinuka, na mti upi ulitokea kwanza. Anakijua kuliko mchoraji yeyote. Monet mwenyewe, kiangazi kilekile cha mwaka 1870 cha mchanga wa Trouville, vita vilitangazwa kati ya Ufaransa na Prussia, naye akakimbilia London. Katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa mzee mwenye macho mabovu, aliendelea kuchora maua ya maji ya bwawa lake, na siku iliyofuata kusimama kwa vita, Novemba 1918, alimwandikia rafiki yake Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu, kwamba analitolea taifa picha zake. Wapo watakaosema angefanya jambo la manufaa zaidi. Mimi sisemi hivyo.

Kuhusu dai kwamba hii ni kazi ya Wazungu, nitakuwa mfupi, kwa sababu linanichosha. Albert Lubaki alikuwa akipamba kuta za nyumba huko Bukama kabla ya kuanza kuchora juu ya karatasi katika miaka ya 1920. Mjini Lubumbashi, katika karakana iliyoitwa Hangar, iliyofunguliwa mwaka 1946, Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege kwa undani unaoshangaza, na Bela aliweka rangi kwa ncha za vidole vyake. Mfaransa Romain-Desfossés aliyeianzisha karakana hiyo alikataa kabisa kuwafundisha kuiga Ulaya. Kwa hiyo nasi tusichore Normandie. Tuchore Kivu, na Tanganyika kwa walio Uvira na Kalemie, na mto kwa walio mtoni.

Nilisema nitarudi kwenye moshi. Kati ya mwaka 1899 na 1901 Monet alirudi London mara tatu, kwa sababu aliupenda ukungu wa mto Thames, akachora karibu picha 100 za madaraja na Bunge. Ukungu ule, ambao rangi zake za zambarau na manjano tunazistaajabia, kwa sehemu kubwa ulikuwa moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani na majumbani. Desemba 1952 ukungu wa namna hiyo uliua watu wasiopungua 4,000 mjini humo kwa muda wa siku chache. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa sanaa wanaodhani kwamba kutazama kunatosha. Anayeketi ufuoni asubuhi ya kiangazi na kuchora Idjwi iliyofutika, baada ya siku ya tatu au ya nne ataanza kuuliza: hiki ni mvuke au ni moshi? Mbona leo kina wekundu, na jana hakikuwa nao? Ni nani aliyechoma kilima kile? Watu wa Goma na Sake wanajua vizuri kwamba hewa inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikaua. Neno mazuku halikuzaliwa bure. Kijana aliyejifunza kutofautisha kijivu na kijivu ana mahali pa kuanzia anapozungumza juu ya mashamba yanayochomwa, na wazee watamsikiliza zaidi kuliko yule aliyekariri tu aya za waraka.

Imebaki gharama, ambayo mtunza hazina wa kikundi hakosi kuuliza. Makaa yapo jikoni; yachaguliwe yale membamba yasiyopasuka. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja zimejaa katika ofisi za parokia, na upande wa nyuma unafaa. Rangi za maji zisinunuliwe kwa asubuhi za ukungu, kwa kuwa karatasi haikauki na rangi huchanganyikana yenyewe, zitumiwe mchana. Kila mmoja achague mahali pake siku ya kwanza, arudi hapohapo siku zote za kambi, na pembeni mwa karatasi aandike kama Boudin: siku, saa, upepo. Wasiojua kuchora wasitolewe udhuru, wala wanaojua wasipewe tuzo. Na anayesimamia asimruhusu mtu yeyote kuhama mahali pake kabla saa moja na nusu haijaisha, hata kama Idjwi haijatokea.